Usimwage supaglu kwenye mpasuko wa kiti cha ngozi

Mkuu, weka chini hiyo chupa kwanza.

Umesema ngozi ya kiti cha dereva imepasuka sentimita 6, supaglu unayo tayari, unataka kumaliza leo jioni. Umeuliza pia rangi ya kufanana utaipataje, kushonesha upya ni bei gani, na kama kava litaficha. Hayo yatasubiri. Supaglu ikishaingia kwenye ngozi hairudi nyuma, na kazi ya kiraka cha bei ndogo inageuka kuwa kazi ya kubadilisha kipande kizima cha ngozi. Naijua hasara hiyo, niliilipia.

Ngozi ya kiti inaishi kwa kupinda. Kila unapoingia na kutoka inavutwa, inabonyea, inarudi. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, haipindi hata kidogo. Na haikai juu tu: ngozi iliyochanika ina nyuzinyuzi zilizo wazi, zinainywa gundi ile kama utambi unavyokunywa mafuta ya taa. Ukimaliza unafurahi kwa sababu kingo zimeshikana. Baada ya siku chache za kukaa, ule mstari mgumu hauachii palepale ulipobandika. Unaachia pembeni yake, pale ngozi laini inapokutana na ngozi iliyogeuka jiwe. Sasa una mipasuko miwili sambamba, na katikati yake kijiti kikavu kinachochoma suruali. Mpasuko wa sentimita 6 umekuwa wa 9, na kingo zake haziwezi tena kupokea gundi nyingine yoyote maana vinyweleo vimeziba.

Halafu kuna ukungu mweupe. Mvuke wa supaglu unatua kwenye ngozi nyeusi kuzunguka mpasuko na kuacha madoa kama ya chokaa. Mtu akiona hivyo anakimbilia asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Asetoni inalegeza supaglu, ni kweli, lakini inakula na rangi ya kiti. Viti vingi vya ngozi vya magari vimepakwa rangi na utando wa juu wa kinga, na utando huo ukiondoka unabaki na duara lililopauka, kubwa kuliko tatizo ulilokuwa nalo asubuhi.

Wanaonitia hasira ni wauza duka na wale wa video fupi. Wanamwaga tone mbili, wanabana kwa vidole sekunde thelathini, wanapitisha kamera, basi. Hakuna hata mmoja anayekionyesha kiti hicho baada ya mwezi kikiwa kimeanikwa juani na kukaliwa kila siku. Muuzaji anakuambia "hii inashika hata chuma". Chuma hakikaliwi, mkuu! Mtu ana kazi yake ya kuuza chupa, lakini anayebaki na kiti kilichoharibika ni wewe.

Kanuni ni moja: mpasuko wa ngozi hauungwi ukingo kwa ukingo, unashikwa kutoka chini. Unene wa ukingo ni kama milimita moja tu, hakuna gundi duniani itakayobeba uzito wa mtu kwenye milimita moja. Nguvu inatoka kwenye kiraka cha kitambaa kilichobandikwa kwa ndani, upande wa nyuma wa ngozi. Juu unaziba na kupendezesha tu.

Kiraka ni turubai nyepesi au kitambaa kigumu cha pamba kisichovutika. Fulana haifai, inatanuka na mpasuko unafunguka. Jinzi nene nayo inaacha mwinuko unaoonekana kwa juu. Kata kizidi mpasuko kwa sentimita 2 kila upande, kwa hiyo wako wa sentimita 6 unataka kiraka cha urefu wa 10 na upana wa 4 au 5. Pembe zote zizungushe kwa mkasi. Pembe kali inajikunja ukiisukuma ndani, na ikishajikunja utaiona kama uvimbe maisha yote ya kiti.

Kabla ya gundi, osha sehemu hiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, iache ikauke, kisha ifute kwa spiriti isiyo na mafuta kwenye kitambaa kilicholowa kidogo, usisugue sana. Kama kiti kimekuwa kikipuliziwa dawa za kung'arisha, futa mara mbili au tatu. Silikoni ya dawa hizo ndiyo inayofanya gundi na rangi zikatae kushika, na rangi inajikusanya kwa vidoadoa. Punguza kwa mkasi mdogo nyuzi zinazoning'inia, lakini usikate ngozi yenyewe ukidhani unanyoosha ukingo. Kila milimita unayokata ni pengo utakalotakiwa kulijaza.

Hatua inayofuata wengi wanairuka. Nyuma ya ngozi ya kiti mara nyingi kuna sponji nyembamba iliyogandishwa nayo. Kiraka kinatakiwa kiingie KATI ya ngozi na sponji hiyo. Ukikibandika kwenye sponji peke yake, sponji itameguka na kiraka kitang'oka nayo. Chukua kisu butu au mpini bapa wa kijiko, tenganisha taratibu sentimita 2 kuzunguka mpasuko wote. Kama kiti kina waya za kupasha joto, chimba kidogo sana, waya ziko karibu.

Kunja kiraka, kiingize kwa kibano, kikunjue humo ndani, hakikisha mpasuko uko katikati yake. Gundi iwe ile inayobaki laini ikikauka, ya ngozi au ya vitambaa, inayokauka polepole. Gundi ya njano ya mafundi viatu inashika vizuri, lakini inashika papo hapo: kiraka kikigusa ngozi mahali pabaya hakisogei tena, na kwenye tundu jembamba hakika kitagusa pabaya. Gundi hiyo waachie wenye kiti kilichovuliwa ngozi yote. Paka upande mmoja wa mpasuko kwanza kwa kijiti cha aiskrimu, bonyeza, subiri ushike. Kisha upande wa pili, na hapo ndipo uzilete kingo zikutane bila kupandana. Gundi iliyofurika juu ifute palepale kwa kitambaa chenye maji. Weka kipande cha nailoni, juu yake kitabu, juu yake mfuko wa unga wa kilo 2. Acha saa 24. Hata kama kwenye chupa wameandika saa moja, humo chini hakuna hewa, inakauka taratibu.

Kingo zisipokutana usizilazimishe. Pengo likizidi milimita 3 ujue ngozi imesinyaa au sponji imekwisha, hiyo ni kazi ya fundi wa viti, abadilishe kipande.

Kujaza: puti laini ya ngozi, kamwe usitumie puti ya bodi, ile nayo inapasuka kama supaglu. Tandaza kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, safu nyembamba tatu au nne, nusu saa kati yao. Safu moja nene inakauka juu, chini inabaki mbichi, kisha inazama. Piga msasa namba 600 kwa mkono mwepesi na futa vumbi.

Rangi ni ya ngozi, ya maji, inayogongwagongwa kwa kipande cha sponji, safu nne au tano nyembamba. Ijaribu kwanza chini ya kiti pasipoonekana na usubiri ikauke ndipo uhukumu, maana ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa. Malizia na utando wa kinga usiong'aa. Rangi ya viatu usiguse: ni nta, jua likiwaka inahamia kwenye nguo zako.

Sasa, umesema mpasuko uko pembeni, na hapo nina wasiwasi. Magari yetu mengi ya Japani yana usukani kulia, kwa hiyo dereva anasugua ule ukingo wa kulia wa kiti kila anaposhuka, na upande huohuo wa mlangoni, kwenye egemeo la mgongo, ndiko mara nyingi begi la hewa la pembeni, lile linalofumuka gari likigongwa, limefichwa. Tafuta lebo ya SRS AIRBAG. Kama ipo, mshono wa hapo umetengenezwa makusudi uachie begi likifumuka. Usiubandike, usiushone, usiufunike kwa kava lisilotengenezwa kwa kiti chenye begi hilo. Mpasuko ukiwa kwenye ngozi ya kukalia, mbali na mshono huo, endelea na kiraka. Ukiwa juu ya mshono wenyewe, peleka kwa fundi anayejua uzi wa aina hiyo.

Na kama supaglu umeshamwaga kabla hujasoma hapa, acha asetoni kabatini. Lainisha ule ugumu kwa msasa namba 400, kidogo kidogo, hadi usikwaruze kidole. Kisha weka kiraka kipana zaidi, sentimita 3 au 4 kila upande, kipite mbali na sehemu iliyogeuka jiwe na kushika ngozi ambayo bado inapinda.