Kwa nini Whirlwind ilikuwa na silinda 9 na si 8

Ndugu, umesema silinda 9 za Wright Whirlwind J-5C, injini ya ndege iliyomvusha rubani Lindbergh bahari ya Atlantiki mwaka 1927, zilichaguliwa kwa ajili ya kupunguza uzito. Sivyo; zilichaguliwa kwa sababu injini ya mapigo manne huwasha kila silinda mara moja katika mizunguko miwili ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Zikipangwa kwa duara, moto huruka silinda moja kila hatua: 1, 3, 5, 7, 9, kisha 2, 4, 6, 8, na kurudi 1, kwa nafasi sawa ya digrii 80 za mzunguko wa kranki. Zingekuwa 8, baada ya 1, 3, 5, 7 zamu ingeiangukia tena namba 1 kabla ya wakati wake, kwa hiyo ingelazimu kuruka bila mpangilio, na injini ingetetemeka. Injini za baadaye zenye silinda 14 hazivunji kanuni hii ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwani ni safu mbili za silinda 7. Mapezi ya kupoozea, yaani mabamba membamba ya nje ya silinda yanayopozwa na hewa, ambayo ndiyo yaliyoondoa rejeta na uzito wake, hayahusiani na hesabu hiyo.