Maswali na majibu: Mwanafunzi akishika chaki kipindi cha riwaya

Tangu niandike hapa kwamba darasani kwangu wanafunzi hupokezana kuongoza vipindi vya riwaya walizosoma, maswali hayajakatika. Mengi yametoka kwa wanafunzi ambao zamu yao imekaribia, machache kwa walimu, na mzazi mmoja ameandika kwa uchungu. Nimechagua haya.

Shikamoo mwalimu. Wiki ijayo ni zamu yangu kuongoza kipindi cha dakika 40. Nimeshaandika muhtasari wa sura zote 22, orodha ya wahusika na dhamira. Bado naona havitatosha dakika zote. Niongeze nini?

Marahaba, mwanangu. Usiongeze kitu, punguza. Ukisimama ukasoma muhtasari wa sura 22, utakuwa unawasimulia wenzako hadithi ambayo mwandishi alishaisimulia vizuri kuliko wewe na mimi. Watanakili, watakupigia makofi, na jioni hakuna atakayekumbuka ulisema nini.

Rudi kwenye kitabu utafute ukurasa mmoja. Utafute ule uliokusimamisha, ukarudia kuusoma bila kuambiwa na mtu, hata kama si ule unaotajwa na kila mtu kuwa muhimu. Kisha jiulize ni kitu gani hasa kilikusimamisha, na hicho ukigeuze kiwe swali ambalo wewe mwenyewe huna uhakika na jibu lake. Swali ambalo jibu lake unalo mfukoni litakugeuza mtahini, na wenzako wataanza kubahatisha unachotaka kusikia.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Msichana mmoja mtulivu alipata zamu, na riwaya yake ilihusu familia ambayo kijana wao mkubwa ameondoka bila kuaga. Nilitarajia aanze na dhamira ya utengano. Yeye akaandika ubaoni: "Kwa nini mama anafagia ua mara mbili asubuhi moja?" Akagawa kopi za ukurasa mmoja, akausoma kwa sauti, akanyamaza.

Mvulana wa nyuma akasema labda mwandishi alisahau kwamba ua ulishafagiwa. Wengine wakacheka, lakini yule msichana hakucheka. Akamwambia, "Inawezekana. Tuangalie tena." Wakainama wote kwenye kopi zao. Ndipo mmoja akagundua kwamba mara ya kwanza ufagio unaishia kwenye ngazi za mlango, na mara ya pili unafika hadi njiani, pale zilipo nyayo za kijana. Katikati, jirani amepita na kusema alimwona akipanda basi. Je, mama anafuta nyayo kwa hasira, au anasafisha njia ili mwana akirudi aikute safi? Darasa liligawanyika, na kila upande ulikuwa na mstari wa kushikilia. Dhamira ya utengano ilijitokeza yenyewe, bila mtu kuitaja, ikiwa na sura na vumbi lake.

Kwa hiyo panga hivi: dakika 5 za kuwaeleza wenzako hadithi imefika wapi unapoanza ukurasa wako, dakika 5 za kuusoma kwa sauti, 20 za swali lako, na 10 za mwisho kila mtu aandike aya moja akitetea msimamo wake. Muhtasari wa sura 22 usiutupe. Uweke kwenye daftari, maana mtu atakuuliza "kwani baba yao alikuwa wapi?" na utapaswa kujua.

Mwalimu mwenzangu, wazo hili nalipenda ila naliogopa. Nikimwachia mwanafunzi kipindi, atasema mambo yasiyo sahihi na wenzake watayabeba hivyo hivyo. Nikiingilia, nimemvunjia heshima mbele ya darasa. Nifanyeje?

Hofu yako ni ya haki. Mimi nimejifunza kutenganisha makosa, kwa sababu hayafanani.

Kuna kosa la kusema kitu ambacho hakimo kitabuni: kwamba mhusika alimuua kaka yake, ilhali alimjeruhi tu. Hili halihitaji mwalimu. Linahitaji darasa lililozoea kuuliza, "Ukurasa wa ngapi?" Wafundishe sauti ya kuliuliza, iwe ya mtu anayetaka kuona, isiwe ya hakimu. Likishakuwa mazoea, wanafunzi hurekebishana wenyewe na hakuna anayeona aibu.

Kuna kosa la istilahi, hasa kumchanganya msimulizi na mwandishi. Hili ninaliandika pembeni na kulisahihisha dakika tatu za mwisho, kwa darasa zima, bila kutaja aliyelisema.

Halafu kuna lile ambalo si kosa ila linaniuma: tafsiri nisiyoipenda. Kama mwanafunzi ana mstari wa kuegemea, nanyamaza. Ilinichukua muda mrefu kufika hapo. Zamani nilikuwa nikikohoa.

Jambo jingine dogo lakini kubwa ni mahali unapokaa. Ukisimama pembeni ya ubao, kila anayejibu atazungumza akikutazama wewe, na kiongozi wa kipindi atabaki kama mgeni. Keti kwenye dawati la mwanafunzi, nyuma kabisa, na daftari mkononi.

Wala hatubuni kitu kipya. Nchini Ujerumani, mwalimu wa Kifaransa Jean-Pol Martin alianza mapema miaka ya 1980 kuwaachia wanafunzi wafundishane lugha hiyo, na alisisitiza kwamba mwalimu hapumziki: anaandaa nao, anasikiliza, anaingia panapokuwa na giza. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown wa Marekani walichapisha kazi yao kuhusu wanafunzi wanaopokezana kuongoza mazungumzo juu ya matini, kwa kufupisha, kuuliza maswali, kufafanua na kutabiri. Kinachosahaulika ni kwamba katika kazi yao mwalimu ndiye aliyetangulia kuonyesha kila hatua, akaachia kidogo kidogo. Walimu wanaoniambia "nilijaribu ikashindikana" mara nyingi waliachia siku ya kwanza.

Shikamoo. Nilipouliza swali langu darasa zima lilinyamaza. Nikajibu mwenyewe, nikauliza la pili, nikajibu tena. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nilikosea wapi?

Marahaba, na pole. Hukukosea kwenye swali, ulikosea kwenye saa. Kimya cha sekunde mbili, ukiwa umesimama mbele ya watu, huonekana kama nusu saa. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima jambo hili katika madarasa miaka ya 1970, akakuta walimu, watu wazima waliosomea kazi hiyo, walikuwa wakisubiri sekunde moja hivi baada ya kuuliza, kisha wanaendelea. Walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi, na waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema.

Kwa hiyo uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi huku ukitazama kitabu, usiwatazame wao usoni. Bado kimya? Usijibu. Sema: "Kila mtu aandike sentensi moja, halafu mwonyeshe jirani yako." Baada ya dakika mbili hutauliza nani anajua, utauliza nani amesikia jambo la kuvutia kutoka kwa jirani yake. Ni rahisi kwa mtu kuanza na wazo la mwenzake kuliko la kwake.

Mwalimu, mimi ni mzazi. Mwanangu amekesha siku tatu akiandaa kipindi. Nalipia shule ili afundishwe, siyo ili afundishe. Hamwoni kwamba mnawatwisha watoto mzigo wenu?

Mzazi mwenzangu, nashukuru umeuliza badala ya kunung'unika pembeni. Kwanza, siku tatu za kukesha ni nyingi mno, na hilo mwambie mwalimu wake waziwazi. Mwanafunzi anayeongoza kipindi anapaswa kukutana na mwalimu siku kadhaa kabla, akiwa na ukurasa wake na swali lake, wakatazama pamoja kinachofaa. Mtoto akiachwa apambane peke yake, lalamiko lako ni la kweli.

Ila kuhusu kufundishwa na kufundisha, sikubaliani nawe. Mwaka 2014 watafiti huko Marekani waliwapa watu matini ya kusoma. Baadhi wakaambiwa watapewa mtihani, wengine wakaambiwa watakwenda kuifundisha. Mwishoni wote walipewa mtihani na hakuna aliyefundisha. Waliosoma wakidhani watafundisha walikumbuka zaidi, na waliyapanga vizuri zaidi waliyoyakumbuka. Anayesoma akijua kesho ataulizwa na wenzake husoma kwa jicho jingine. Muulize mwanao usiku wa leo ni ukurasa gani amechagua na kwa nini. Nadhani atakueleza kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia.

Mwalimu, mimi nina kigugumizi. Mwalimu wetu amesema kila mtu lazima aongoze. Naomba unishauri nitakavyokwepa.

Sitakushauri ukwepe, lakini pia sitakuambia ujikaze, maana neno hilo umeshalisikia vya kutosha.

Kuongoza kipindi si kuhutubia. Anayechagua ukurasa, anayeandika swali ubaoni, anayeamua nani azungumze sasa na lini darasa lirudi kwenye kitabu, huyo ndiye kiongozi, hata akisema maneno ishirini tu. Omba uongoze na mwenzako mmoja unayemwamini: yeye asome ukurasa kwa sauti, wewe ushike swali. Liandike ubaoni kabla watu hawajaingia. Mtu akitoa hoja, iandike kwa kifupi, uchore mshale kuelekea hoja inayopingana nayo. Nimewahi kuona kijana akiongoza hivyo kipindi kizima, na darasa lilimfuata kwa macho kuliko walivyowahi kunifuata mimi.

Zungumza na mwalimu wako mapema, faraghani, au mwandikie. Mwambie pia usichotaka, kwa mfano watu kukumalizia sentensi. Hilo una haki ya kuliomba, na mwalimu alitangaze kama kanuni ya wote bila kukutaja.

Sura niliyoichagua ina baba anayempiga mama mbele ya watoto. Ndiyo sura iliyonigusa zaidi. Nasikia kuna mwenzetu darasani ambaye nyumbani kwao hali ni hiyo hiyo. Niiache?

Umefikiria jambo ambalo watu wazima wengi hawalifikirii. Zungumza na mwalimu kabla ya kuamua, na usimtaje mwenzako kwa wanafunzi wengine, hata kwa mafumbo.

Mkikubaliana kuendelea, kuna mambo nisiyoyaruhusu kabisa katika kipindi cha namna hii. Tukio la kipigo lisiigizwe. Swali la "je, wewe ungefanya nini?" lisiulizwe, wala "nani hapa amewahi kuona?" Maswali yabaki kwa watu waliomo kitabuni: mwandishi amemweka mtoto mdogo wapi chumbani, anaona nini na haoni nini, kwa nini sentensi zinakuwa fupi ghafla. Namna hii mtu anaweza kusema jambo zito akiwa nyuma ya mhusika, bila kulazimika kuvua shati. Darasa lijulishwe siku moja kabla sura inahusu nini, na anayetaka kutoka kidogo atoke bila kuulizwa. Na mwalimu abaki darasani baada ya kengele. Mara nyingine kuna anayechelewa kufunga begi lake makusudi.

Darasani kwetu kila mtu amesoma riwaya yake. Nitaongozaje mjadala wa kitabu ambacho hakuna mwingine aliyekisoma?

Kwa ule ukurasa mmoja. Ukurasa uliosomwa na watu wote mbele yako unatosha kwa dakika 20, hata 30. Kutokusoma kwao kuna faida pia: waombe watabiri kilichotangulia au kitakachofuata, na kila utabiri uwe na neno la kuutetea kutoka kwenye kopi.

Tunawapaje maksi?

Mimi sitoi maksi kwa ufasaha wa kusema, wala kwa darasa kuchangamka, kwani kuna siku darasa limechoka tu. Natazama vitu viwili: swali lilitoka kitabuni kweli, na je, kiongozi alilirudisha darasa kwenye maneno ya kitabu lilipopotea? Hapo hata aliyesoma muhtasari wa mtandaoni hujulikana haraka. Anajua nani alikufa, ila ukimuuliza tukio linatokea asubuhi au usiku, anapapasa. Aya za wenzake za dakika 10 za mwisho nazisahihisha mimi, kisha nampa azisome. Hiyo ndiyo ripoti anayoithamini.

Je, niwaambie wenzangu riwaya inavyoishia?

Hapana. Hata wakikubembeleza. Simama kabla ya mwisho, funga kitabu, kiweke mezani, na uwe na kipande cha karatasi cha kuandika majina ya wanaotaka kuazima. Waandike kwa zamu, kila mmoja wiki moja. Na anayekuja wa kwanza mpe siku hiyo hiyo, kabla hamu haijapoa.