Anza na floti ya tangi, soketi ya Wi-Fi baadaye

Pole, dada. Nimekuelewa: pampu ikisahaulika tangi linafurika, taa ya nje inawaka mpaka saa nne asubuhi, umeme wa LUKU haufiki mwisho wa mwezi, mfukoni una laki moja, na unauliza uanze na nini, pamoja na soketi ya Wi-Fi, ile unayoiwasha na kuizima kwa simu.

Kwangu kilichomaliza kero ya maji ni floti swichi, kile kidude kinachoelea ndani ya tangi. Maji yakijaa kinakata umeme wa pampu, yakishuka kinawasha. Hakitaki bando wala simu. Ila mwite fundi umeme mwenye leseni akifunge. Maji na umeme vikikaa pamoja, si pa kujifunzia.

Taa ya nje, weka balbu ya LED yenye sensa ya mwanga. Kukicha inajizima.

Soketi ya Wi-Fi ni nzuri, lakini nyingi zinakamata Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo angalia kwanza kama ruta yako inayatoa. Soma na ampea zilizoandikwa kwenye soketi: ya ampea 10 kwenye volti 230 inabeba wati 2,300, basi. Usiichomekee hita wala pampu, maana mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Yangu ya kwanza iliyeyushwa na pasi, nikajua kwa harufu. Feni na televisheni, sawa.