Maswali Yenu: Sindano za Kichina na Kiuno Kisichopona

Tangu niandike kuhusu maumivu ya kiuno, wengi mmeniuliza juu ya akupancha, zile sindano nyembamba za Kichina. Nawajibu kama mtu wa fiziotherapia. Mimi sichomi sindano hizo, ila wagonjwa wangu wengi wamepitia huko kwanza.

Naendesha lori, kiuno kinanisumbua mwaka wa nne sasa. Sindano hizi zinatibu kweli au ni imani tu? (Dereva, Tunduma)

Ndugu yangu, kuna watu zinawapunguzia maumivu, na nafuu yao ni ya kweli. Utafiti ninaoupenda ulifanyika Ujerumani, matokeo yakatolewa mwaka 2007. Wagonjwa 1,162, ambao kwa wastani walikuwa wameugua miaka 8, waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilichomwa kwenye nukta zinazofundishwa katika tiba ya Kichina. La pili lilichomwa juujuu tu, mahali ambapo tiba hiyo haipatambui kabisa, bila wenyewe kujua. La tatu likapewa matibabu ya kawaida: dawa, mazoezi, fiziotherapia. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 fungu la kwanza, 44.2 la pili na 27.4 la tatu.

Zitazame vizuri namba hizo. Waliochomwa waliwaacha mbali waliotibiwa kawaida, lakini kuchomwa kwenye nukta zenyewe na kuchomwa kwingine kulikaribiana sana. Mwaka 2009 Wamarekani walitoa utafiti ambao kundi moja halikuchomwa kabisa. Liliguswa ngozi kwa kijiti cha kuchokolea meno kilichofichwa ndani ya kijibomba, na nafuu yake ikakaribiana na ya waliochomwa.

Mimi naona hivi. Maumivu ya miaka minne hayakai kwenye pingili peke yake, mishipa ya fahamu na ubongo navyo vimeyazoea. Nusu saa ya kulala kimya, mtu akakusikiliza na kukugusa kwa uangalifu, inaweza kuyatuliza. Basi jaribu ukiweza, lakini asikutoze mtu fedha nyingi kwa kudai anajua nukta za siri. Na usiache kusimama na kunyoosha mwili kila baada ya saa mbili za usukani, maana hakuna sindano itakayolifanya hilo kwa niaba yako.

Kwa nini daktari mmoja anasema niende na mwingine anasema nisiende? (Mwalimu, Kisumu)

Kwa sababu hata wakubwa wao hawajakubaliana, Mwalimu. Uingereza, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya tiba iliikubali akupancha kwa kiuno mwaka 2009, ikaikataa mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeiweka kati ya tiba zinazoweza kutolewa, kwa masharti. Mwongozo huohuo unashauri tusitumie mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida, na hapo nawaomba wauza mikanda wanisamehe.

Naogopa sindano. Zinauma? Na vipi kuhusu maambukizi? (Mama lishe, Morogoro)

Niliwahi kuchomwa, Mama. Sindano yenyewe ni kama unywele mgumu, unene wake robo milimita hivi, na haina tundu la kupitishia dawa. Mtaalamu aliipitisha kwenye kijibomba, akaigonga kwa kidole. Nilihisi kitu kama kung'atwa na mbu. Alipoizungusha ndipo ukaja uzito wa ajabu, ukatambaa taratibu hadi kwenye paja, kama mguu unaotaka kufa ganzi. Wachina wanauita deqi, na kwao ndiyo dalili kwamba sindano imefika.

Mara nyingi linalobaki ni tone la damu au alama ya bluu. Hatari hasa ni sindano iliyokwisha kutumika kwa mtu mwingine: hapo kuna homa ya ini na Ukimwi. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, la sivyo shuka kitandani uondoke. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema. Na kwa Tanzania, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Niende mara ngapi? (Fundi cherehani, Tanga)

Wale wa Ujerumani walianza na mara 10, kila mara nusu saa. Bima ya wazee ya Marekani hulipia mara 12 ndani ya siku 90, na haiongezi kama mgonjwa haoni nafuu. Fuata akili hiyohiyo. Kabla ya kuanza, andika jambo moja linalokushinda, mathalani kukaa kwenye cherehani saa nzima bila kuinuka. Kama bado linakushinda baada ya mara ya 10, acha, fedha hiyo uile na wanao.

Kuumika si ndiyo hiyohiyo? (Mombasa)

Hapana. Kuumika, au hijama, ni kuvuta ngozi kwa chuku au kikombe, na mara nyingi huchanjwa damu itoke. Akupancha haitoi damu kwa makusudi.

Mama yangu ana miaka 58. Mgongo unamuuma zaidi usiku, amekonda, jioni anapata homa, na wiki hii miguu imekuwa mizito. Tumpeleke kwenye sindano? (Bukoba)

Mwanangu, hapana. Mpeleke hospitali leo, ukimaliza kusoma hapa. Kukonda, homa za jioni na mgongo unaouma usiku vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, au saratani, na miguu kuwa mizito maana yake huenda mishipa ya fahamu imeanza kubanwa. Kifua kikuu cha mgongo kinatibika kwa dawa, lakini kikichelewa kinaweza kumwacha mtu hatembei. Muulize pia, kwa upole, kama anahisi ganzi sehemu za siri, au kama mkojo unagoma kutoka au unamtoka bila yeye kujua. Akisema ndiyo, mkifika msipange foleni. Mwambieni muuguzi wa mapokezi maneno hayohayo. Njiani alale, msimpakie kwenye bodaboda.