Kioo cha ndani kinadondoka kila baada ya siku chache

SWALI: Kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kimebanduka kwenye kioo cha mbele cha gari. Nimekigandisha kwa supagluu mara mbili. Kinakaa siku chache, kisha gari likishinda juani kinaanguka tena. Nifanyeje mwenyewe hapa nyumbani?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu yetu, supagluu haifai kazi hii. Ikikauka inakuwa ngumu na haivumilii mtikisiko. Mchana kioo cha mbele kinachemka, usiku kinapoa, na kile kitako cha chuma kinachoshikilia kioo cha ndani hakitanuki sawa na kioo cha mbele, kwa hiyo gundi inapasuka. Unyevunyevu wetu wa pwani unamalizia. Mara ya pili uligandisha juu ya mabaki ya ile ya kwanza, na hapo hata gundi nzuri isingeshika.

Ulizia dukani gundi maalumu ya kioo cha ndani cha gari. Pakiti yake huwa na vitu viwili: dawa ya kuanzishia na gundi yenyewe. Usikubali kuuziwa silikoni. Inabaki laini, na kioo kitatetemeka muda wote unaendesha.

Egesha gari kivulini, umande ukishakauka, na kiyoyozi kizimwe. Kioo cha mbele kiwe na uvuguvugu. Kikiunguza mkono, subiri. Bandika vipande vya tepu upande wa nje kuzunguka mahali kitako kilipokuwa, maana alama ya ndani utaifuta wakati wa kusafisha.

Kusafisha ndiko kuna kazi, usikuharakishe. Lainisha mabaki ya gundi kwa pamba yenye asetoni kidogo, isidondokee dashibodi kwa sababu inayeyusha plastiki. Kisha kwangua kwa wembe mpya ulioulaza. Kama kuna tinti sehemu hiyo, asetoni na wembe vyote vitaiharibu. Kitako nacho kisugue kwa msasa namba 320 mpaka chuma king'ae. Futa kitako na mahali pake kwenye kioo cha mbele kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kuanzia hapo usiguse kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu kila kitu.

Kabla ya gundi, jaribisha kitako kwenye mkono wa kioo ujue upande gani unakaa juu. Wengi hukigandisha kichwa chini, na kioo kinakataa kuingia.

Paka dawa ya kuanzishia kwenye kioo cha mbele na kwenye kitako, iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Halafu weka tone moja tu la gundi katikati ya kitako. Gundi hii hukauka ikiwa nyembamba. Ukizidisha, katikati inabaki majimaji. Kandamiza dakika moja bila kuchezesha. Pakiti itakwambia robo saa inatosha. Sisi tunasema acha mpaka kesho yake ndipo utundike kioo, hasa kama gari linapita barabara za vumbi na mashimo. Skrubu inayobana kioo kwenye kitako ikaze mpaka ishike, basi. Ukilazimisha unaweza kung'oa kitako au kupasua kioo cha mbele.

SWALI: Kioo cha pembeni upande wa abiria kimepasuka. Fundi vioo wa Ngamiani anataka kunikatia kipande cha kioo cha kawaida. Nikubali?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Usikubali. Kioo cha upande huo kwa kawaida kimebinuka kidogo ili uone eneo pana, pamoja na bodaboda inayokupita kushoto. Kioo bapa kitakuficha sehemu kubwa ya barabara. Isitoshe, chumvi ya bahari huanza kula kingo za kioo kilichokatwa, na weusi unatambaa kuelekea katikati.

Tafuta spea ya modeli yako, kioo kikiwa pamoja na mgongo wake wa plastiki. Kilichopasuka kifunike kwa tepu kwanza, vaa glavu, sukuma ukingo wa juu uingie ndani, kisha banua ule wa chini kwa kitu cha plastiki. Ukikuta nyaya mbili nyuma yake, ni za kupasha joto, zichomoe taratibu. Kipya kikandamize katikati kwa kiganja mpaka usikie vishikizo vikibana, halafu kivute kidogo kuhakikisha hakichezi.