Mfumo Endeshi Hauna Mkono wa Kuunga

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, niko Morogoro. Na mwenzangu tunaandika kwa Kiswahili maelezo ya NetBSD, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, wa chanzo huria, unaosifika kwa kuingia kwenye mashine za kila aina. Nimeandika hivi: "NetBSD ni mfumo endeshi wa kubebeka, unaounga mkono majukwaa mengi ya maunzi, na una bandari zaidi ya 50." Mwenzangu anasema "mfumo endeshi" ni kosa, sahihi ni "mfumo wa uendeshaji". Tumewekeana dau la chipsi mayai. Nani ameshinda?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chipsi kwanza. "Mfumo endeshi" ni sahihi na "mfumo wa uendeshaji" ni sahihi. Enda ilizaa endesha, na endesha ikazaa endeshi kama elekeza ilivyozaa elekezi. Mtu anayelalamikia bei elekezi ya sukari bila kuona haya hana sababu ya kuona haya mbele ya mfumo endeshi. Mimi napenda hilo fupi. Na maunzi (vyombo vyenyewe vya kompyuta), ambalo hamkuliuliza, limetoka kwenye kuunda kwa njia ileile ambayo mpenzi alitoka kwenye kupenda. Swali lenu limekwisha.

Sasa niacheni nishughulikie ambacho hamkuuliza. Mmebishana juu ya rangi ya mlango, wanangu, na humo ndani kuna mtu msiyemjua amekaa kwenye kochi, viatu ameshavua. Mtu huyo ni "unaounga mkono".

Namfahamu. Nilikutana naye miaka mingi iliyopita kwenye vijitabu vya simu, na tangu hapo ananifuata. Juzi simu yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa hela yangu, iliniandikia kwamba "haiungi mkono aina hii ya faili". Nikaitazama. Nilitaka ulifungue, bibi, sikukuomba ulipigie kura.

Kuunga mkono ni kuunganisha mkono wako na wa mwenzio ili nguvu iwe moja. Ni usemi wa watu wenye msimamo, na kwao hasa ni Dodoma, ndani ya ukumbi wa Bunge. Mbunge anasimama. Kwa dakika kumi anasema barabara ya jimboni kwake haipitiki, zahanati haina dawa, maji yaliahidiwa mwaka juzi na yakaahidiwa tena mwaka jana. Kengele inalia. Anameza mate, anamalizia: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja." Akikolea anaongeza "kwa asilimia mia moja". Na wale waliohama vyama vyao miaka ile, si walituambia wanaunga mkono juhudi?

Haya, ipandisheni NetBSD pale. "Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi. Ipo VAX, mashine ya kampuni ya Digital iliyotangazwa mwaka 1977, za mwanzo zikiwa na ukubwa wa makabati ya nguo. Naiunga mkono. Zipo Amiga na Atari, kompyuta za nyumbani za zamani. Naziunga mkono. Ipo Dreamcast ya Sega, ya kuchezea gemu. Naiunga mkono kwa asilimia mia moja. Na ipo tosta, Mheshimiwa Spika."

Tosta si utani wangu. Mwaka 2005 kampuni ya Technologic Systems ya Marekani ilifunga kijikompyuta chenye NetBSD ndani ya tosta, ile ile ya kuchomea mkate, ikaionyesha kwa watu. Sasa niambieni: NetBSD iliiunga mkono tosta kwenye hoja gani? Tosta ilikuwa inagombea nini?

Ninacho kipimo ambacho huwa nawapa wanafunzi. Kinachoweza kuungwa mkono kinaweza pia kupingwa. Hoja hupingwa, mgombea hupingwa, bajeti hupingwa, japo mara chache. Je, mfumo endeshi usiofanya kazi kwenye mashine fulani unaipinga mashine hiyo? Linux, mfumo endeshi mwingine, ilizaliwa mwaka 1991 juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel 386. Desemba 2012 watunzaji wake wakaiondoa 386 kwenye kiini cha mfumo, na Linus Torvalds, mwanzilishi wake, akasema hana majonzi nayo. Tuseme basi kwamba Linux iliipinga 386? Ilimkana mama yake mzazi? Au chukueni Debian 13 ya Agosti 2025, mfumo uliojengwa juu ya Linux, ambao hauna tena kiini wala kisakinishi cha kompyuta za i386, zile za biti 32. Ukiandika kwamba Debian "imeacha kuunga mkono i386", msomaji wa magazeti atadhani imerudisha kadi.

Na tukiwa kwa Torvalds. Alipoutangaza mfumo wake Agosti 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alisema wazi kwamba hauhamishiki kwenda mashine nyingine, kwa kuwa umefungamana na 386 (neno lenyewe alilikosea, herufi mbili zikapishana), na kwamba huenda hautakubali kamwe diski nyingine zaidi ya zile za AT, maana ndizo pekee alizokuwa nazo. Mfasiri wa siku hizi angeandika kwamba mfumo huo "huenda usiunge mkono kamwe diski nyingine". Kijana wa watu tatizo lake ni kukosa diski, lakini kwa Kiswahili hicho anatokea mtu wa kinyongo.

Watu wa NetBSD wao walianza mwaka 1993, kutoka kwenye mizizi ya BSD, mfumo wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na tangu hapo wana ugonjwa mmoja: wakiona mashine yenye prosesa, mikono inawawasha. Leo mfumo wao unaingia kwenye aina zaidi ya 50 za mashine, za familia kama 16 za prosesa. Siri iko kwenye mpangilio. Sehemu kubwa ya programu haijui imekaa juu ya mashine gani wala haina haja ya kujua. Ile inayojua imetengwa pembeni, ikafanywa ndogo. Draiva (programu ya kuendesha kifaa kimoja) ya kadi ya mtandao inasema tu "soma hapa, andika pale", na tabaka la chini yake ndilo linalojua njia za mashine hiyo zimepita wapi. Kwa hiyo draiva ya kadi ya PCI iliyoandikwa mara moja hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini na kwenye mashine za Alpha za Digital pia, ingawa kwa ndani mashine hizo hazifanani. Tena kuna hati yao ya amri iitwayo build.sh. Utakaa na laptopu yako hapo hapo Morogoro, utaijenga NetBSD ya VAX bila kuwa na VAX, jambo ambalo VAX yenyewe ingelifanya kwa siku nyingi sana.

Hiyo ni kazi ya mikono, ya miaka zaidi ya 30. Kuiita kuunga mkono ni kumwambia fundi aliyekujengea nyumba kwamba ameiunga mkono nyumba yako. Na angalieni kaulimbiu yao wenyewe. Kwa Kiswahili cha barazani inasema: "NetBSD? Inakwenda, bila shaka." Inakwenda! Wenye mali hawakudai kuunga chochote.

Mwaka jana laptopu yangu ilianza kuniletea maneno. Nikaipeleka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa kijana mmoja mwenye meza ya upana wa sinia. Akafungua skrubu za mgongoni, akapuliza vumbi likatuingia sote wawili, akatazama, akafunga tena.

"Mzee wangu, hii haikubali Windows kumi na moja. Kumi inakubali, lakini kumi wameshaacha kuihudumia."

Akachomeka flashi yangu. "Na flashi yako haisomi."

Kisha akanionea huruma. "Nikuwekee Linux? Ile inapiga mzigo hata kwenye mashine za zamani."

Haikubali. Haisomi. Wameacha kuihudumia. Inapiga mzigo. Kijana amenipa vitenzi vinne huku bisibisi ikiwa mdomoni, kila kimoja kimekaa mahali pake, na wateja wote waliosimama pale walimwelewa, hadi mama aliyeleta chaja. Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu, na hapa ndipo aibu yangu ilipo, niliwahi kukaa siku mbili kwenye warsha ya istilahi yenye chai na maandazi, tukitafuta neno la jambo hilihili. Tulikuwa watu wazima kumi na wenye vyeti. Mwenzetu mmoja akapendekeza "kuunga mkono". Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Mkono wangu nao ulikuwa juu.

Najua mtakachoniuliza: kukubali nako si kazi ya watu? Ilikuwa. Lakini Kiswahili kilikwisha kuitoa kwa watu siku nyingi. Udongo wa kwetu unakubali mihogo na haukubali mpunga. Gari linakataa kuwaka asubuhi ya baridi. Hakuna anayedhani kwamba udongo ulikaa kikao. "Kuunga mkono" haijasafiri hivyo. Bado imevaa suti, bado inamtafuta Spika.

Tena huyo mgeni wenu wa kwenye kochi ana makosa mawili kwa mpigo, maana neno la Kizungu alilolifunika, "support", lina habari mbili ndani yake, na fundi wangu alizitenganisha bila kufundishwa. Kuna mashine kukubali mfumo, na kuna wenyewe kuendelea kuuhudumia. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Siku iliyofuata mashine zilikuwa zinaikubali vilevile, ila wa kuziba matundu yake ndiye aliyeondoka. Kwa NetBSD tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mashine zao wamezipanga kwa madaraja matatu: la kwanza ni la zile zinazopewa nguvu kubwa, la pili ni la zile zinazoishi kwa moyo wa mwenye kuzipenda, na la tatu ni wodi ya mahututi. Mashine ya daraja la tatu inaweza kuwa inakubali leo na hakuna anayeitazama. Mtu akikuambia "inaungwa mkono", amekuambia lipi kati ya hayo?

Hayo mengine nayapitia kwa haraka, nisije nikapandwa na presha. Kinachobebeka ni mtoto, ndoo na redio. Programu haina uzito, inahamishika. Jukwaa ni la bendi na la mgombea. Hapo mlitaka kusema aina za mashine, na Kiswahili hakiwatozi ushuru mkisema aina za mashine. Maunzi yabaki kama mnayapenda.

Ama hizo bandari. Nimehesabu. Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, Mtwara. Nikaongeza Kilwa kwa heshima ya wazee na Bagamoyo kwa ajili ya majahazi, na bado nina safari ndefu kufika 50. Neno la Kizungu mlilolitafsiri, "port", linafanana na bandari kwa jina tu. Maana yake pale ni mfumo uliohamishiwa kwenye mashine fulani. Mliposema "wa kubebeka" mlilikaribia jambo hilo, kisha mkaliacha likapanda meli.

Na anayetaka "inasapoti"? Zamani ningemfukuza. Siku hizi namwachia apite. Sapoti ni neno la mkopo lisilojificha, mtu analiona lilikotoka, na vijana wanaosema "inasapoti laini mbili" wanaelewana bila kumsumbua mbunge yeyote. Niliwahi pia kucheka sana kwa neno kishikwambi, yaani tableti, nikaapa halitafika popote. Baada ya sensa ya mwaka 2022 walimu wakagawiwa vishikwambi, na sasa mke wangu ananiambia nitoe kishikwambi changu mezani. Kwa hiyo siapi tena. Inawezekana kabisa kwamba "kuunga mkono" itashinda, na wajukuu wangu watasoma safu hii wakashangaa babu yao alikuwa anagombana na nini. Watasoma, lakini, kwenye mashine inayoikubali safu hii.

Sentensi yenu iandikeni hivi: "NetBSD ni mfumo endeshi wa chanzo huria unaohamishika kwa urahisi, unafanya kazi kwenye aina zaidi ya 50 za mashine." Mkitaka fupi zaidi, muulizeni fundi.

Chipsi mayai mchange nusu kwa nusu, na kachumbari alipe aliyeandika bandari.