Dodoma–Dar kwa ndege

Dada, umeuliza kutoka Dodoma hadi Dar kwa ndege ni mbali kiasi gani na inachukua muda gani. Angani ni kama kilomita 390, barabarani kupitia Morogoro zinafika 450 hivi. Ndege ni saa moja na dakika kadhaa. Soda hujaimaliza, mnaambiwa fungeni mikanda mnatua. Ila usipige hesabu ya hewani tu. Uwanja wa Dodoma uko mjini kabisa, hata bodaboda inakufikisha. Kazi iko Dar: jioni foleni ya Barabara ya Nyerere, ile ya kutoka uwanja wa ndege kwenda mjini, inaweza kuizidi safari yenyewe. Kama unaishia Posta, katikati ya jiji, mimi ningepanda treni ya umeme ya SGR, safari ya saa tatu na nusu hadi nne, unashuka pale pale karibu.